Gari kubwa la familia huku Wote: nunua lile fundi wa karibu analijua

Haya wasomaji, leo tunaweka kando seva na hifadhidata tuongee magari. Msishangae. Kwa sababu ninaandika programu, watu wengi wa huku kwetu wananihesabu kuwa mjuzi wa kila kitu chenye waya. Baada ya swali la "ninunue tarakilishi gani", swali ninaloulizwa zaidi ni hili: nataka gari kubwa, lililotumika, la kubeba familia nzima na kunifikisha nyumbani hata mvua ikinyesha. Ninunue lipi?

Jibu fupi: nunua gari ambalo fundi wa Wote ameshalifungua mara nyingi, lenye injini rahisi kuliko zote unazoweza kuvumilia, na ubaki na pesa mfukoni siku unapolichukua. Jibu refu ndilo linalofuata. Najua kuna watakaokasirika, hasa ndugu zangu wa V8, lakini tuvumiliane hadi mwisho.

Kwanza: barabara mbaya ni ipi hasa?

Sisi watu wa programu tuna ugonjwa mmoja ambao una faida. Mteja akija akasema "nataka mfumo wenye nguvu", tunamwambia hajasema kitu bado. Wenye nguvu ya kufanya nini? Watumiaji ni wangapi? Data ni nyingi kiasi gani? Mtu anayesema "nataka gari la barabara mbaya" naye hajasema kitu bado.

Tuangalie ramani yetu. Kutoka Wote kwenda Machakos ni lami. Kutoka Wote kupitia Kathonzweni hadi Makindu ni lami. Hata ng'ambo ya Mto Athi, ile barabara ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui iliyokuwa ikimaliza magari kwa vumbi na mawe sasa imewekwa lami. Kwa hiyo familia nyingi za hapa, ukihesabu kilomita zao za mwaka mzima, sehemu kubwa ni lami: kwenda Nairobi, kwenda Machakos, kupeleka watoto shule, kwenda hospitali ya rufaa pale mjini.

Kinachobaki ndicho tunachokiita barabara mbaya, nacho kina sura nne. Ya kwanza ni changarawe yenye mikunjo kama bati, inayotikisa gari mpaka vidude vya dashibodi vinalia. Ya pili ni udongo mweusi unaonata, ambao wakati wa vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, hugeuka gundi. Ya tatu ni mchanga wa mito yetu mikavu. Ya nne ni miteremko ya Mbooni, Kilungu na Nzaui, ambako udongo mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni.

Kila sura inadai kitu chake. Mikunjo inadai bushi, shoku na tairi nzima. Tope linadai meno ya tairi na difu inayoweza kufungwa ili magurudumu yavute kwa pamoja. Mchanga unadai gari jepesi na dereva anayejua kupunguza upepo wa tairi, kutoka kama psi 35 hadi 20 au hata 18, kisha kuujaza tena akifika barabara ngumu. Mteremko unadai gea nzito, ile ya kushuka polepole bila kukanyaga breki ovyo. Tazama orodha hiyo vizuri. Hakuna popote palipodai silinda nane.

Na kabla hatujaendelea, haki itendeke: Probox hufika karibu kila mahali nilipotaja hapo juu, na hufika ikiwa imebeba magunia. Kama familia yako ni watu wanne na unaingia barabara ya tope mara tano kwa mwaka, huhitaji gari kubwa hata kidogo. Gari dogo lililoinuka kiasi na tairi nzuri litakutosha, na pesa zinazobaki zinaweza kuchimba kisima. Makala haya ni ya wale wenye watu sita au saba wa kubeba, mizigo juu yake, na nyumba iliyo mbali na lami.

Pili: mto hauulizi gari ni la aina gani

Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Wengi wanaonunua gari kubwa Ukambani wanafikiri wananunua uwezo wa kuvuka mto uliojaa. Hawanunui hivyo. Uwezo huo hauuzwi.

Jumamosi tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu karibu na Mwingi, kaunti ya Kitui, maji yakiwa yamefurika juu ya barabara. Lilisombwa mbele ya macho ya watu waliokuwa wamesimama ukingoni. Watu zaidi ya 30 walikufa. Lile lilikuwa basi, lenye urefu na uzito kuliko gari lolote tunalolizungumzia hapa.

Tufanye hesabu ndogo, maana hesabu haina upendeleo. Chukua gari kama sanduku la urefu wa mita 4.5 na upana wa mita 1.8. Kila maji yanapopanda sentimita 10 juu ya sakafu ya gari, kabla hayajaingia ndani, yanasukumwa pembeni lita 810. Hizo lita 810 zinaliinua gari kwa nguvu ya kilo 810. Maji yakifika sentimita 30 juu ya sakafu, gari limeinuliwa kwa nguvu ya kilo 2,430. Prado ina uzito wa tani mbili na kitu. Kwa hiyo limeshaanza kuelea, na tairi zake, hata ziwe mpya na zenye meno ya simba, hazigusi chini kwa uzito wowote wa maana. Na kabla ya kufika hapo, maji yanayokimbia yalishaanza kulisukuma pembeni kutoka kwenye drifti. Idara ya hali ya hewa ya Marekani huwaonya madereva wake kwamba maji yanayokimbia yenye kina cha kama sentimita 60 yanatosha kubeba hata magari makubwa ya aina hii. Sentimita 60 ni goti la mtu mrefu.

Mito yetu ina ujanja mwingine. Mvua hunyesha milimani, huku chini jua linawaka, na maji yanashuka kama ukuta. Kwa hiyo kifaa cha usalama cha kuvukia Thwake au Kaiti ni breki ya mkono na subira. Ukinunua gari kubwa ukaamini limekupa ruhusa ya kuvuka, basi umeiongezea familia yako hatari kwa pesa zako mwenyewe. Afadhali ungebaki na gari dogo linalokutia hofu.

Tatu: teknolojia inayochosha

Mwaka 2015 mhandisi mmoja wa programu, Dan McKinley, aliandika makala yaliyosambaa sana miongoni mwetu. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba kampuni inapaswa kupenda teknolojia inayochosha, ile ya zamani ambayo kila mtu anaijua. Sababu ni kwamba udhaifu wake umeshajulikana wote. Teknolojia mpya ina udhaifu ambao hata walioitengeneza hawajauona.

Gari lililotumika ni programu ya zamani unayoirithi kutoka kwa mtu asiyekuwepo tena kukueleza alichofanya. Maswali ya kujiuliza ni yale yale. Je, wako wengi wanaoitumia? Je, spea zinapatikana? Je, ikiharibika saa nne usiku, nani aliye karibu anaijua? Na ikishindikana kabisa, inaweza kuendelea kwa kuungaunga mpaka asubuhi?

Kwa kigezo hicho, usiulize ni gari gani bora duniani. Nenda kwenye gereji za Wote, Emali na Machakos ukaangalie yaliyoinuliwa boneti. Muulize fundi, "Mzee, injini gani unaifunga ukiwa umefumba macho?" Atakachokujibu kina thamani kuliko video mia moja za Australia.

Sasa tuingie kwenye magari yenyewe.

Prado 150. Hii ilianza mwaka 2009 na kuendelea hadi 2023, mrithi wake alipotangazwa. Kwa maoni yangu ndiyo chaguo la kwanza kwa familia ya Wote, hasa yenye injini ya petroli ya lita 2.7 iitwayo 2TR-FE. Watu wanaidharau kwa kuwa haina kasi. Kweli haina. Ukipandisha vilima ukiwa na watu saba utajua. Lakini injini hiyo hiyo imefungwa kwenye Hiace na Hilux, maana yake mafundi wa matatu wanaijua na spea zake zipo. Haina tabo, haina injekta za dizeli za kukutoa jasho, na inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi. Inachosha kabisa. Ndiyo tunayoitaka. Chini yake kuna fowili ya kudumu, difu ya kati inayofungika, na gea nzito.

Prado 150 ya dizeli. Hapa kuna mtego ambao wanunuzi wengi hawaujui. Kwenye soko la Japani, Toyota iliacha kuuza Prado ya dizeli mwaka 2007 na ikairudisha mwaka 2015 na injini mpya ya lita 2.8. Kwa hiyo mtu akikuambia anauza Prado 150 ya dizeli ya mwaka 2012 "kutoka Japani", mwambie akuonyeshe karatasi. Zile za lita 3.0 za miaka hiyo kwa kawaida zilitoka Uingereza au ziliuzwa mpya hapa hapa. Za Uingereza zina adui mmoja: chumvi inayomwagwa barabarani kule wakati wa baridi. Juu gari linang'aa kama sinia ya harusi, chini fremu inaliwa na kutu. Lala chini uangalie, ukiwa na tochi na bisibisi ya kugonga.

Injini hiyo ya lita 3.0, 1KD-FTV, nayo inajulikana vizuri kwa sababu ilikuwa kwenye Hilux na Hiace. Ina nguvu na inakula kidogo. Udhaifu wake pia unajulikana: injekta, na kwenye zile za mwanzo siti za injekta zinazovuja na kujaza masizi kwenye oili mpaka chujio la ndani ya sampu linaziba. Mkanda wake wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 150,000. Kama muuzaji hana ushahidi kwamba ulibadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Ile ya lita 2.8 kutoka Japani ni tamu zaidi kuendesha, lakini ina chujio la masizi kwenye ekzosi na tangi la AdBlue, kimiminika kinachotakiwa kujazwa kila mara. Gari la namna hii linapenda safari ndefu za barabara kuu ili lijisafishe. Likiishi kwa safari fupi za sokoni na shuleni, taa za dashibodi zitaanza kukusalimia. Halafu kuna ushuru: kwa miaka ya karibuni, dizeli inayozidi cc 2,500 na petroli inayozidi cc 3,000 zimetozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 35, wakati 2.7 ya petroli hutozwa asilimia 25. Tofauti hiyo ipo ndani ya bei unayotajiwa, hata kama hukuagiza gari mwenyewe.

Land Cruiser 100 na 200. Haya ndiyo makubwa yenyewe. Sina ugomvi na ubora wake. Mia moja ya kati ya 1998 na 2007 ni miongoni mwa magari imara kuwahi kutengenezwa. Ugomvi wangu ni na pochi yako. Ni mazito, na uzito ni adui kwenye mchanga na tope. V8 ya petroli inakunywa. Tairi zake, shoku zake, breki zake, kila kitu ni saizi kubwa na bei kubwa. Anayelinunua likiwa limezeeka kwa bei ya kutamanisha anasahau kwamba bei ya gari ilishuka lakini bei ya spea haikushuka.

Nissan Patrol Y61. Ekseli ngumu mbele na nyuma, imara kama trekta, na hukutikisa kama trekta. Ukipata ya dizeli ya 4.2 iliyotunzwa, mikono yako imebarikiwa. Dizeli ya lita 3.0 za mwanzo zina sifa mbaya ya kuyeyusha pistoni, kwa hiyo usikimbilie bei. Kwa matumizi ya familia na safari ya Nairobi kila wiki mbili, mimi ningeipita.

Mitsubishi Pajero. Kwa pesa zile zile unapata gari changa kuliko Prado, na mfumo wake wa fowili ni mzuri sana kwa sababu unaruhusu kutumia magurudumu yote manne hata kwenye lami yenye maji. Lakini utengenezaji wake ulikoma mwaka 2021. Ni kama programu ambayo waliokuwa wakiitunza wameshahama. Leo inafanya kazi, spea zipo, lakini kila mwaka unaopita msaada unapungua. Kama una fundi wa Pajero unayemwamini, nunua bila aibu. Kama huna, pita.

Land Rover Discovery 3 na 4. Nakiri kwa raha, kwa kukaa ndani hakuna linaloyafikia. Viti vya safu ya tatu vinatosha hata mtu mzima, jambo ambalo Prado haiwezi kusema. Lakini yana springi za upepo, tarakilishi nyingi zinazoongea kwa wakati mmoja, na dizeli ya V6 yenye historia inayojulikana ya kukatika krenki. Fundi wake mzuri yuko Nairobi. Likizima Kalawa siku ya Jumapili jioni, wewe na familia mtangoja gari la kuvuta.

Nne: soma kumbukumbu kabla ya kusikiliza broka

Hapa ndipo mtu wa tarakilishi ana faida, na ningependa kila msomaji awe nayo. Magari karibu yote tuliyoyataja yana soketi ya uchunguzi chini ya usukani. Kidude kidogo cha Bluetooth chenye chipu ya aina ya ELM327 ni cha bei nafuu madukani, na programu za simu kama Torque hukisoma. Kwa pesa hizo chache unaongea na injini yenyewe, bila mkalimani.

Watu wengi husoma makosa tu. Wakiona hakuna kosa, wanafurahi. Subiri kwanza. Broka mjanja hufuta makosa asubuhi kabla hujafika. Kwa hiyo tafuta vitu viwili ndani ya programu yako. Kimoja ni umbali uliosafiriwa tangu makosa yafutwe. Ukiona kilomita 6, uliza kulikuwa na nini kilomita 7 zilizopita. Cha pili ni majaribio ya ndani ambayo gari hujifanyia lenyewe. Makosa yakifutwa, majaribio haya hurudi kwenye hali ya "hayajakamilika" na huchukua siku za kuendesha kukamilika tena. Mtu anayefuta kumbukumbu za seva kabla mkaguzi hajaingia ana jambo analoficha. Gari nalo ni vivyo hivyo.

Kisha endesha dakika 30 huku programu ikionyesha joto la maji ya rejeta. Likikaa kwenye 80 na kitu au 90 na kitu hata ukipanda mlima, ni sawa. Likipanda polepole kupita 100 na kuendelea, aga kwa heshima. Kwa dizeli, angalia takwimu za fidia za kila injekta kama kidude chako kinazisoma. Silinda moja ikiwa mbali sana na wenzake, umeshapata sababu ya kupunguziwa bei au kuondoka.

Mambo ambayo simu haiwezi kukusomea, soma kwa macho na mikono. Fika injini ikiwa baridi. Shika boneti, ikiwa na joto, mtu ameiwasha kabla hujaja, na labda haipendi kuwaka ikiwa baridi. Weka fowili, weka gea nzito, funga difu, uone kama taa zinawaka na gari linatii. Kuna magari kubwa yaliyoishi maisha yote Kileleshwa bila kuguswa kitufe hicho, na kimeganda. Kunjua safu ya tatu ya viti, vuta kila mkanda, hakikisha unafunga. Wengine hung'oa viti hivyo wakavipoteza, na mtoto wako ndiye atakayekaa pale. Angalia rimu pia. Inchi 17 zenye tairi nene ni bora kwa mawe yetu kuliko inchi 20 zenye tairi nyembamba kama chapati, hata kama za inchi 20 zinapendeza kwenye picha.

Tano: karatasi

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane, na kampuni zilizoteuliwa na KEBS hulikagua kabla halijapakiwa. Kwa gari lililotoka kwenye mnada wa Japani kuna karatasi ya mnada. Ukiwa na namba ya chesisi unaweza kuinunua nakala yake mtandaoni na kulinganisha kilomita zilizoandikwa siku ile na zinazoonyeshwa leo. Daraja la R au RA maana yake gari lilishapata ajali likatengenezwa. Kilomita 68,000 za leo zikikutana na 143,000 za mnada, huhitaji wakili.

Kwa gari la mkononi mwa Mkenya, omba rekodi ya gari kupitia eCitizen kwenye huduma za NTSA. Utaona mwenye gari ni nani na kama kuna benki au mkopeshaji anayelidai. Jina lililo kwenye rekodi ndilo la mtu unayepaswa kukaa naye mezani na kumlipa, awe amekuja na binamu au bila binamu. Na pesa ya mwisho itoke wakati jina linahamishwa kwenye mfumo, mkiwa wote wawili mnaangalia.

Sita: hesabu ambayo watu hawapendi

Wote hadi Nairobi ni kama kilomita 140. Kwenda na kurudi 280. Tuchukulie mafuta ni sh 180 kwa lita kwa ajili ya mfano tu, maana EPRA hutangaza bei kila tarehe 14 ya mwezi. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita, kama dizeli ya 3.0, litatumia lita 28, yaani sh 5,040. Linalokwenda 7, kama 2.7 ya petroli, litatumia lita 40, sh 7,200. Linalokwenda 5, kama V8 ya petroli, litatumia lita 56, sh 10,080.

Tofauti kati ya dizeli na 2.7 ni sh 2,160 kwa safari. Ukienda Nairobi mara mbili kwa mwezi, kwa mwaka ni kama sh 52,000. Wengi husimama hapo na kusema dizeli imeshinda. Lakini seti moja ya injekta na pampu inaweza kumeza akiba hiyo ya miaka kadhaa kwa siku moja. Kama unakwenda kila wiki, dizeli iliyotunzwa inaanza kuwa na maana. Kama unakwenda mara moja kwa mwezi, petroli inakutosha. Ndiyo maana nasema hesabu safari zako kwanza, jina la gari baadaye.

Na hii ndiyo kanuni yangu ninayoisimamia: kati ya kila shilingi tano ulizotenga kwa gari, moja isiguswe. Kama una milioni tatu na nusu, tafuta gari la milioni mbili na laki nane. Laki saba zinazobaki ni tairi tano mpya, oili na vimiminika vyote kuanzia injini hadi difu, mikanda, bushi, shoku, betri, bima, na kiasi cha kungoja lile jambo ambalo gari litakuambia mwezi wa tatu. Anayemaliza pesa zote kwenye gari la milioni tatu na nusu ana gari zuri zaidi kwa wiki sita tu. Baada ya hapo liko uani limefunikwa turubai, na familia inapanda matatu, huku mwenyewe akitafuta wa kumuuzia ekari ya miembe. Hilo nimeliona hapa mtaani, na si kwa mtu mmoja.

Kuna watakaosema gari ni heshima, na kwamba huwezi kufika harambee na Prado ya 2.7 wakati wenzako wana V8. Siwezi kubishana na heshima, ina soko lake. Ila nitawauliza: Novemba, saa mbili usiku, tope limefika kwenye rimu, mama mzazi yuko kiti cha nyuma anahitaji kufika hospitali ya rufaa, mtatumia nini kati ya heshima na difu inayofungika? Gari kubwa kwa familia linanunuliwa kwa ajili ya usiku kama huo, nao huja mara chache kwa mwaka. Siku nyingine zote linatakiwa tu kuwaka asubuhi, kubeba watu, na kutokula ada ya shule.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Prado 150 ya petroli 2.7, viti saba, rimu za inchi 17, fremu safi, karatasi zinazosema ukweli. Kama safari zako ni nyingi, dizeli ya 3.0 iliyotunzwa na yenye ushahidi wa mkanda. Kama fundi wako ni wa Pajero, Pajero. Mengine yote waachie wenye fundi Nairobi na mafuta ya kulipiwa na ofisi. Na mto ukijaa, zima injini, washa redio, ungoje.

Wiki ijayo tukijaaliwa nitaandika jinsi ya kutoa data za kile kidude cha ELM327 kwenye simu na kuzichora kwa lahajedwali, ili ukiwa na magari matatu ya kuchagua uyalinganishe kwa namba badala ya kwa rangi. Kwaherini kwa sasa.